Filamu Iliyosema Nimekufa

Bwera, Alhamisi, baada ya swala ya alasiri

Biira mwanangu,

Umekwenda kuwaaga majirani, mama yako anakunja nguo zako chumbani, na mimi nimekaa sebuleni na daftari la safari za lori. Sikuulizi hali kwa sababu mchana tumekula sahani moja. Sitakuandikia habari za kula vizuri huko Mbarara, za kuswali kwa wakati wala za marafiki wa kuepuka. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima, na ameyasema vizuri kuliko mimi. Nina jambo moja tu. Limenikaa kifuani tangu ukiwa na miaka tisa, na kwa mdomo nimeshindwa kulitoa. Nimejaribu mara tatu wiki hii, mara zote nikaishia kukuuliza kama umejaza hewa kwenye magurudumu.

Ninaandika kwa Kiswahili. Kikonzo chetu ni cha kuongea, na Kiingereza najua kile cha mizani na forodha tu. Kiswahili nilikiokota kwenye lori, kwa wapakizi na kwa Wakongomani pale Mpondwe, madrasa ikakinyoosha kidogo. Wewe umekifanya lugha ya kazi. Ukikuta makosa, yaache yalivyo.

Unajua baiskeli yako ya kwanza, ile ya magurudumu matatu, ilikotoka. Mzee Kule, mchuuzi wa mpakani, alikuwa akiivusha darajani kila siku, miguu yake imekunjwa chini ya kiti, sabuni na mafuta ya kupikia yamefungwa nyuma, mikono inazungusha pedali. Mabega yalipomchoka akaniita. "Dereva, nasikia uko na mutoto kama mimi. Chukua hii. Mimi sasa nitakaa dukani." Fundi wa kuchomelea akafupisha mikono ya pedali ikutoshe, akaipaka rangi ya kijani. Ulikuwa na miaka saba. Mpaka siku ile mama yako alikuwa akikubeba mgongoni kwenda shule na kurudi. Baada ya siku ile watoto wa jirani waligombea kukusukuma, na wewe ukawa unawafukuza: "Acheni, nina mikono." Nilikuwa nasimama barabarani kukutazama unavyopanda ule mlima wa shule, na sikuwa na neno la kumwambia Mungu isipokuwa shukrani.

Miaka miwili baadaye wakaja wale wageni.

Ilikuwa msimu wa mvua. Paa letu la zamani lilikuwa linavuja juu ya kitanda chako na juu ya jiko, unakumbuka, tulikuwa tunahamisha sufuria kufuata matone. Mama yako alikuwa sokoni. Wageni walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume mwenye kamera, na aliyewaleta alikuwa Ezra, mtoto wa hapa hapa, aliyekuwa akifanya kazi ya ukalimani kwa kila mgeni aliyepita. Shirika lao lilitaka kutengeneza filamu kuhusu watoto wenye ulemavu. Mwanamke yule alikusalimia kwa mikono miwili. Akakutazama, akaitazama baiskeli, akasema neno kwa Ezra. Ezra akanivuta pembeni.

"Dereva, hawa watu iko na moyo muzuri. Lakini hii baiskeli inaharibu kazi."

"Inaharibu namna gani?"

"Mutu akiona mutoto iko na baiskeli, atasema huyu ameshasaidiwa. Nani atatoa kitu? Itoe kidogo tu. Dakika chache." Akainua macho juu. "Na hiyo paa yako tumeiona. Wanaleta mabati."

Nisikudanganye kwamba nilifikiri sana. Wewe ulikuwa ndani unavaa viatu. Niliishika baiskeli yako kwa mikono hii, nikaisukuma kwenye matope nikiwa na viatu vyangu vya mpira, gambuti, mpaka nyuma ya jiko la jirani, nikaifunika kwa turubai la lori. Niliporudi ulikuwa umekaa kwenye mkeka mlangoni, umevaa sare ya shule. Ezra akasema sare ni safi mno. Nikaingia ndani mimi mwenyewe, nikakuletea lile gauni la kulimia.

Ukaniuliza, "Baba, baiskeli yangu iko wapi?"

"Imeharibika."

"Asubuhi ilikuwa nzima."

"Imeharibika, mama. Tambaa kidogo tu, mpaka pale kwenye mtungi, wageni wakuone."

Ulitambaa. Ulikuwa hujatambaa nje ya nyumba kwa miaka miwili, na mikono ilikuwa inateleza. Goti likapiga jiwe, ukauma midomo. Yule mwanamume akasema kitu, Ezra akatafsiri: "Arudie, mwangaza haukuwa muzuri." Nikakubeba, nikakurudisha mlangoni, nikakuweka chini utambae tena. Goti likapiga pale pale. Safari hii ulilia, na mwenye kamera akainua kidole gumba.

Kisha wakakuuliza unataka nini maishani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera, nilisikia kila neno. Ulisema kwa Kikonzo kwamba unataka kumshinda Muhindo kwenye hesabu, na unataka baiskeli yako itengenezwe kabla ya Jumatatu. Ezra akawageukia, akaongea Kiingereza muda mrefu. Maneno yako yalikuwa machache, yake yakawa mengi. Nililigundua hilo palepale, Biira. Sikuhitaji kujua Kiingereza ili kuligundua. Nikanyamaza.

Wakanipa karatasi, kurasa tatu za Kiingereza. Ezra alisema ni ya kupokea mabati. Niliweka sahihi yangu nzuri, ile yenye mkia, kwa sababu nilitaka waone kwamba dereva naye amesoma.

Mama yako aliporudi aliona magoti. Nikamwambia umeanguka. Jioni nikaitoa baiskeli kwenye turubai, nikajifanya nakaza nati hapa na pale, nikakwambia imepona. Ulinishukuru. Hilo la kunishukuru ndilo ninalolikumbuka nikiwa peke yangu barabarani.

Mabati yalikuja kweli. Umelala chini yake mpaka leo.

Ile filamu nilikutana nayo miaka mitano baadaye, kwenye foleni ya mizani. Dereva mmoja wa mahindi alinipa simu yake. "Baba Biira, si huyu mutoto yako?" Ulikuwa wewe, na lile gauni, na lile jiwe. Sauti yako ilikuwa imeshushwa mpaka chini kabisa, na juu yake mtu mwingine anaongea kwa Kiswahili kizuri, kile cha redioni. Akasema: tangu baba yake alipofariki, Biira hana wa kumbeba. Akasema unalala na njaa. Akasema ndoto yako ni siku moja kuona mtu akikujali. Muhindo na hesabu havikuwemo.

Nilisikia kifo changu nikiwa nimeshika usukani. Na unajua nilifanya nini? Nilicheka. Madereva wakacheka. Wakaanza kuniita Marehemu. "Marehemu, sogeza lori!" Nikawa naitika. Kwangu ilikuwa mzaha wa foleni. Kwako ilikuwa darasani, na watoto hawakuwa na mzaha. Wakakuita Yatima wa Simu. Wakakuuliza nani yule mwanamume anayelala na mama yako. Ukakataa kwenda shule, ukajifungia, na nilipokuja mlangoni kwako nilikwambia maneno ambayo leo ningeyameza kama yangerudi: "Nyamaza, yatapita. Mambo ya simu ni upepo."

Hayakupita. Nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba uongo ukinyamaziwa haufi, unaota ndevu, unakuwa mzee wa kuheshimiwa, na anayekuja baadaye kuukanusha ndiye anayeonekana mtovu wa adabu. Nilitakiwa siku ile nikushike mkono twende shuleni, nisimame mbele ya darasa na kusema mimi hapa. Ni hatua ngapi kutoka nyumbani? Hata wewe ulikuwa unazipanda kwa mikono.

Ulikuja kuokolewa na mtu mwingine. Shangazi yako wa Rukoki alikuchukua ukae kwake, akakusikilizisha kipindi cha Masereka, yule mtangazaji asiyeona, cha Jumamosi mchana, kwenye kile kituo kidogo cha Kasese chenye chumba kimoja na feni mbovu. Alikuwa anaita vijana na kina mama ambao hakuna redio iliyowahi kuwapa nafasi: viziwi wakiwa na mkalimani wao, wasioona, watu wa magongo, wanawake wasiojua kusoma. Ukajiunga nao. Hakuwafundisha kutangaza kwanza. Aliwafundisha kufungua habari kama fundi anavyofungua gia. Nani anasema? Nani amelipia? Nani alikuwepo na haonekani? Nini kilitokea kabla kamera haijawashwa? Nililetewa maswali hayo na wewe mwenyewe, hapa mezani, ulipokuwa unakuja nyumbani kutoka Rukoki. Ulikuwa unafungua kila kitu. Tangazo la mgombea ukilifungua, chai inapoa. Mama yako akitumiwa sauti kwenye simu kwamba kuna maji ya mti fulani yanatibu kifafa, unamuuliza: aliyesema ni nani, ana jina? Mimi nilikuwa nasema umeanza kiburi. Haikuwa kiburi. Nilikuwa naogopa. Mtu aliyejifunza kuuliza nini kilitokea kabla ya kamera, siku moja ataniuliza mimi.

Mto ulipofurika ukabeba nyumba za watu, mliona ninyi wa kipindi kabla ya wote kwamba majina ya kupewa mablanketi yanaandikwa juu kilimani, na tangazo linapigwa kwa kipaza sauti. Asiyetembea hakufika. Asiyesikia hakujua. Ukalisema Jumamosi hewani, ukawaita wenyewe waseme, mmoja mmoja, kwa majina yao, na kabla ya Jumamosi nyingine ile meza ya majina ilikuwa imeteremshwa mpaka uwanja wa shule ya bondeni. Nilikuwa napita na lori nikamwona bibi mmoja kiziwi anatoka uwanjani na blanketi kichwani, amelishika kwa mikono miwili kama taji. Nilijivunia. Wiki ileile afande mmoja akanisimamisha barabarani. "Wewe ndiyo baba ya ule msichana wa redio?" Nikamjibu, "Ni mutoto tu, afande. Nitamkanya." Hakuwa hata amekasirika. Alitaka kujua tu. Mimi ndiye niliyekimbilia kukukana kabla hajamaliza.

Nimekuandikia haya kwa mpangilio ili uone kwamba lile la Karusandara, ambalo nitakueleza sasa, halikuja ghafla. Lilikuwa na kaka zake.

Mwaka jana, Jumapili, baada ya chakula, ulisogeza kiti chako karibu nami ukasema, "Baba, nataka kufanya kipindi kuhusu ile filamu. Nakuomba uje useme jina lako, na kwamba uko hai. Basi. Sitakuuliza kingine."

Nikasema, "Watakuja kung'oa mabati."

"Baba, yameshaota kutu."

"Watu watacheka."

"Wameshacheka."

Nikasimama, nikaenda nje kutazama tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Ulinisubiri. Nilikuona dirishani unanisubiri. Nikazunguka upande wa pili wa lori.

Jumamosi yake nilikuwa Karusandara, tunapakia mahindi. Wapakizi wanapenda redio, na redio ya lori ndiyo kubwa kuliko zote shambani. Nilijua saa ya kipindi. Ningeweza kuizima. Nikaiacha, sijui kwa nini, labda nilitaka kusikia sauti yako bila wewe kuniona. Ukaeleza kila kitu kwa utulivu. Ukasema yule mtoto ni wewe, baba yako yuko hai, ulikuwa na baiskeli, hukuwa na njaa. Ndipo Ezra akapiga simu.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Baba ya huyu mutoto alikufa. Yule anaishi pale ni mjomba. Huyu binti anatafuta jina tu."

Na baada yake wengine. Mmoja akasema watu mnaosaidiwa hamna shukrani. Mwingine akasema, kama baba yuko hai, si apige simu? Masereka akasema, "Simu yetu iko wazi. Baba Biira, kama unatusikia, tunakusubiri." Kukawa kimya hewani. Nimeendesha lori miaka ishirini na tano, nimekaa kwenye foleni za siku mbili mpakani, sijawahi kuona muda mrefu kama ule.

Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa na chaji. Thembo, mpakizi, akageuka juu ya magunia. "Dereva, si huyu ni mutoto yako?"

Nikasema, "Redio zinasema mengi."

Nilisema hivyo, mwanangu. Kwa maneno hayo hayo. Wakacheka, nami nikacheka nao.

Kisha nikakusikia unavuta pumzi. Ukasema unashukuru kwa simu zote. Ukasema huombi mtu akuamini wewe, unaomba kila mwenye ile filamu kwenye simu yake aifungue. "Isimamisheni pale ninapogeuka kwenye mtungi," ukasema. "Msinitazame mimi. Kila mtu amenitazama mimi. Tazameni matope nyuma yangu." Ukamweleza Masereka polepole, yeye asiyeona, mpaka kila mtu akaona: mistari mitatu ya magurudumu, mibichi, inatoka mlangoni petu kuelekea nyuma ya jiko la jirani. "Mtoto asiye na baiskeli," ukasema, "mistari hii ni ya nini?"

Thembo alikuwa na filamu ile. Wapakizi wakamzunguka juu ya magunia, vichwa pamoja. Nikaja nami, nikasimama nyuma yao.

"Kweli! Moja, mbili, tatu!"

"Na hizi? Hizi ni gambuti. Mutu alisukuma."

Pale shambani nilikuwa nimevaa kandambili, lakini niliitazama miguu yangu.

Wewe ulikuwa umeshafika hapo. Ulisema hewani: "Kuna nyayo pembeni ya mistari. Mtu fulani aliisukuma. Sitamtaja, kwa sababu hayupo hapa kujieleza. Nilimwomba aje. Nafasi yake ipo, siku yoyote atakayokuwa tayari."

Hapo ndipo nilipojua kwamba unajua. Kwamba siku ile ya Jumapili ulipokuja kuniomba niseme jina langu tu, ulikuwa umeshaiona ile mistari, umeshazitambua gambuti zangu, na ukaniomba kidogo kwa makusudi, ili nipate mlango mdogo wa kupitia. Nami nikauziba kwa lori.

Unajua yaliyofuata kuliko mimi. Yule mama wa Nyakalengija akapiga simu kwamba mwanawe kiziwi, mbeba mizigo wa mlimani, amekuta picha yake imeandikwa maneno ambayo hakuyasema. Watu wa baiskeli pale darajani wakaanza kuwauliza wenye kamera: kwanza niambie chini yake mtaandika nini. Mzee Kule alinihadithia hilo anacheka mpaka meno yote yakaonekana. Ezra alibadilisha namba ya simu. Lile shirika liliiondoa filamu bila kukuomba radhi, na nakala bado zinazunguka. Mimi bado ni marehemu kwenye simu za watu nisiowajua.

Na kipindi chenu kikafa. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya Ezra. Aliyekuwa anakidhamini alijitoa, mwenye kituo akaiuza ile saa ya Jumamosi kwa mganga wa dawa za majani. Nilimsikiliza wiki iliyopita. Anauza mafuta ya kunyoosha miguu. Saa ileile, redio ileile, na watu wanapiga simu kuulizia bei. Masereka amerudi kwao kulima. Kama kipindi kingekuwepo, kesho usingekuwa unasafiri. Sijifanyi kwamba unakwenda Mbarara kwa furaha tupu. Unakwenda kwa sababu wenzako wanajaribu kuanzisha chombo chao wenyewe cha habari, ambacho hakuna mtu mmoja wa kukiuza, na kwa sababu hapa tulikuwa na kimoja tukakiacha kikaondoka. Ninasema tulikiacha. Baba mmoja aliye hai, kwa dakika moja ya simu, angekipa nguvu ambayo mganga asingeiweza. Au pengine hapana. Lakini sikujaribu.

Leo asubuhi nilikwenda. Nilisema nakwenda kutazama spea Kasese, nikaenda kituoni. Nilivaa lile koti la Idi. Nilimkuta binti mpya mapokezi.

"Mzee, unataka tangazo gani? Kifo, harusi, au ng'ombe amepotea?"

Nikamwambia, "Nataka kusema niko hai."

Alinitazama kwa adabu, akapitisha kidole kwenye karatasi yake kutoka juu mpaka chini. "Hiyo hatuna, mzee," akasema. "Labda kama ni shukrani baada ya ugonjwa?"

Nikasema hapana, sikuwa mgonjwa. Nikatoka. Nikakaa kwenye lori mpaka adhana ya adhuhuri.

Niliporudi nikamwambia mama yako kila kitu, kwa mara ya kwanza. Hakuacha kukunja nguo. Akasema, "Goti la mutu haliangukii jiwe moja mara mbili. Nilijua kuna kitu. Lakini mimi siyo wa kuambiwa. Mwambie yeye." Ndiyo maana naandika.

Nikushauri nini mimi? Wewe ndiye unayejua kusoma matope. Ila kuna kitu kimoja najua na wewe hukijui bado, kwa sababu nilisimama upande ule. Kila kipande cha filamu ile kilikuwa cha kweli. Miguu ni yako, matope ni yetu, machozi yalikuwa machozi. Hakuna mtu aliyechora kitu. Uongo ulifanyika kwa kuondoa, na aliyeondoa hakuwa mgeni. Mgeni alisema tu neno moja. Mikono ilikuwa ya baba. Siku moja kamera itakuwa mkononi mwako, kinasa sauti kitakuwa magotini pako, na utafika kwenye nyumba inayovuja. Mlangoni atasimama mtu kama mimi. Atakuwa tayari kukupa chochote, mtoto wake, sare, machozi, hata kifo chake, bila wewe kumlazimisha. Usimchukie. Lakini usipokee. Muulize anaogopa nini. Mimi hakuna aliyeniuliza, na sisemi hivyo kujitetea. Sijui ningejibu nini. Labda ningesema mvua.

Tena usiniite mjinga mbele za watu ili kunisitiri. Nimekusikia ukimwambia shangazi yako, "Baba hakujua kusoma ile karatasi." Ni kweli sikuisoma. Lakini gambuti nilizivaa nikiwa na akili zangu. Asiyesoma Kiingereza anajua tofauti kati ya mtoto anayeendesha na mtoto anayetambaa.

Siombi unisamehe kwa barua. Ukinisamehe kesho kwa sababu una safari na mama yako analia, haitakuwa na uzito, nami nitajua. Kaa nayo. Kasirika kwanza, ulikuwa unanikasirikia kwa siri muda mrefu, nami nilikuwa nakuona unakula haraka ili uondoke mezani.

Uliniwekea nafasi ukasema ipo siku yoyote nitakayokuwa tayari. Sijui kama bado ipo, wala sijui kama mtu akichelewa hivi anastahili kuikalia. Barua hii ndiyo maneno yangu. Nimeiandika mwenyewe, hakuna aliyenitafsiria, na najua kila neno lililomo. Mkipata chombo chenu huko, na ukaona inafaa, isome hewani yote. Usiruke pale ninapoonekana mbaya. Usiseme mtu fulani. Ukiona haifai, ichane, wala usinieleze sababu. Hilo utaamua wewe, na mimi sitakuja pembeni kukwambia ni la dakika chache tu.

Nasikia magurudumu yako kwenye changarawe. Unamwambia mtu aache kukusukuma. Naikunja hii niiweke kwenye begi lako kabla hujaingia.

Ni mimi,
Baluku Yusufu, dereva wa lori, mkazi wa Bwera, baba yake Biira.